Hati ya chuo kikuu si mwisho wa mtihani

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wananchi kwamba chuo kikuu kikishapewa hati na rais wa nchi, hatima yake imekwisha kuamuliwa. Siku hiyo bendera hupepea, ngoma hulia, hotuba husomwa na picha hutundikwa ukutani. Baada ya hapo watu huamini kwamba kila shahada itakayotolewa na chuo hicho itakuwa na thamani ile ile, leo na miaka hamsini ijayo.

Ukweli ni tofauti. Hati ya chuo yafanana na leseni ya kuingiza matatu barabarani. Leseni humruhusu mwenye gari kufanya biashara, lakini haimwambii abiria kama breki zingali zinashika. Ndiyo maana matatu hurudishwa kwa wakaguzi kila mwaka. Chuo kikuu nacho hurudi mbele ya wakaguzi kwa vipindi vilivyowekwa ili ithibati yake, yaani uthibitisho kwamba kinafundisha kwa viwango vinavyotakiwa, ihuishwe.

Zoezi hilo hufanyika bila makelele na aghalabu huwa halitangazwi magazetini. Hata hivyo, matokeo yake humfikia mkulima wa Mwanda, katika milima ya Taita, anayeuza mboga na mahindi yake ili alipe karo ya mwanawe. Chuo kikianguka katika ukaguzi, hasara kubwa haiwi ya Naibu Chansela. Huwa ya kijana aliyekwisha kutumia miaka minne ya ujana wake na akiba yote ya wazazi wake.

Chuo kilicho jirani

Kwa msomaji wa Taita Taveta, mfano ulio karibu ni Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Kilianza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Mnamo Oktoba 2016 kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, wakati mmoja na vyuo vingine kama vile Machakos, Embu, Kirinyaga na Murang'a. Makao yake makuu yako karibu na mji wa Voi, nayo kampasi ya Ngerenyi iko juu milimani.

Chuo hicho kimejijengea jina katika uhandisi wa madini, jambo lisiloshangaza katika kaunti yenye kito cha kijani cha tsavorite kilichopewa jina la Tsavo, yenye rubi ya Mangare na yenye mawe ya chuma ya Kishushe. Kwa ushirikiano na chuo cha HTW Dresden cha Ujerumani, kilianzisha kituo cha umahiri kinachoshughulikia madini, mazingira na usimamizi wa maliasili.

Chuo hiki hakitajwi hapa kwa kuwa kina doa. Kinatajwa kwa sababu kabla yake, kijana wa Mwanda aliyetaka shahada alilazimika kwenda Mombasa, Nairobi au mbali zaidi. Sasa huteremka kupitia Wundanyi na Mwatate akafika Voi siku hiyo hiyo. Wananchi wakipata kitu kama hicho karibu nao, wana sababu ya kujua kinavyotunzwa.

Sheria ilivyobadilika

Zamani vyuo vikuu vya umma nchini Kenya havikuwa chini ya mkaguzi mmoja. Kila kimoja kiliundwa kwa sheria yake ya bunge: Nairobi mwaka 1970, Moi 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987 na JKUAT 1994. Tume ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1985, ilishughulika zaidi na vyuo vya kibinafsi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Baraton, kilipata hati yake mwaka 1991 na Daystar mwaka 1994, baada ya kupekuliwa kikamilifu. Hivyo chuo cha kibinafsi kilifanya mtihani ambao chuo cha umma hakikuufanya.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliondoa tofauti hiyo. Iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na kuvitia vyuo vyote katika kapu moja. Mwaka 2013 vyuo vya umma vilivyokuwapo vilipewa hati mpya chini ya sheria hiyo. Sheria iliipa Tume jukumu la kuidhinisha vyuo na kozi, kuvikagua mara kwa mara, na kupendekeza hati ya chuo kinachokiuka masharti ifutwe. Mwaka 2014 zikatolewa kanuni na viwango ambavyo kila chuo hupimwa navyo.

Kenya haiko peke yake. Uganda ina Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limetoa mwongozo wa pamoja wa ubora ili shahada ya Voi iweze kueleweka Arusha na Mbarara. Chuo Kikuu cha USIU-Africa cha Nairobi kimejitwisha mizigo miwili: hupimwa na CUE na vilevile na shirika la ithibati la Marekani. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, shirika linalosimamia kazi hiyo hukipima chuo upya kila baada ya miaka 10, na katikati ya kipindi hicho hudai ripoti ya mwaka wa tano.

Kujichunguza kwanza

Maandalizi ya kweli huanza muda mrefu kabla ya wakaguzi kufika. Vyuo vyenye uzoefu huyaanza mwaka mmoja na nusu au miwili mapema. Hatua ya kwanza ni chuo kujichunguza chenyewe na kuandika ripoti ya kujitathmini. Hii ndiyo nguzo ya zoezi zima, nayo ndiyo huvunjika mara nyingi zaidi.

Ripoti hiyo hufuata viwango kimoja baada ya kingine. Chini ya kila kiwango chuo hujibu mambo matatu: tunafanya nini, ushahidi wetu ni upi, na tumepungukiwa wapi. Kusema kwamba maktaba ni nzuri hakutoshi. Lazima ionyeshwe idadi ya vitabu kwa kila kozi, mwaka vilipochapishwa, majarida yanayosomwa kwa intaneti, na idadi ya wanafunzi waliovitumia. Kudai kwamba mitihani husimamiwa vyema hakutoshi pia. Wakaguzi watataka ripoti za watahini kutoka nje ya chuo. Watataka pia kumbukumbu za Seneti zinazoonyesha kwamba ushauri wa watahini hao ulijadiliwa na kutekelezwa.

Wengi hukwama hapo. Mtahini wa nje huenda aliandika miaka mitatu mfululizo kwamba maswali ya somo fulani yanarudiwa. Barua zake zilipokewa, zikapigwa muhuri, zikafungiwa kabatini. Mkaguzi akiikuta barua ya tatu yenye maneno yale yale ya barua ya kwanza, hahitaji kuuliza zaidi. Amejua kwamba chuo husikia bila kusikiliza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ripoti isiyokiri upungufu wowote ndiyo huwatia wakaguzi shaka kwanza, kwa kuwa nao ni wahadhiri kutoka vyuo vingine na wanayajua matatizo ya kazi hiyo. Chuo kinachosema kwamba maabara yake moja haitoshi, kikaonyesha bajeti iliyotengwa na tarehe ya kukamilisha nyingine, hupata heshima kuliko kile kinachodai kimekamilika.

Hesabu isiyodanganya

Viwango vya mwaka 2014 vina hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya. Katika sayansi za tiba, mhadhiri mmoja hutakiwa kwa wanafunzi 7. Katika sayansi tumizi na sayansi asilia, mmoja kwa wanafunzi 10. Katika sanaa na fasihi, mmoja kwa 15, na katika sayansi za jamii mmoja kwa 18.

Chukua kozi ya sayansi tumizi yenye wanafunzi 200 katika miaka yote ya masomo. Inahitaji wahadhiri 20. Ikiwa idara ina 9 wa kudumu na inawaazima wengine kwa muda, upungufu huo hauwezi kufichwa kwa rangi mpya ukutani. Wala haiwezekani kuajiri na kuandaa wahadhiri 11 katika muda wa wiki tatu. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu huchukua miaka mingi kumpata, na vyuo vya umma vyenye madeni makubwa hushindwa kuwavutia walio bora. Ndiyo sababu maandalizi ya ukaguzi ni suala la bajeti ya miaka mitano iliyopita kuliko pilkapilka za mwezi huu.

Hesabu nyingine ni ya muda. Kwa desturi ya vyuo vyetu, somo moja hufundishwa kwa saa 45 katika muhula. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulianza Septemba na kuendelea kwa takriban wiki saba. Mgomo ukiisha, kila chuo hupanga upya kalenda yake, na hapo ndipo ubora hujaribiwa. Kama muhula ulibanwa, je, saa 45 zilifundishwa kweli, au zilisainiwa tu katika karatasi ya mahudhurio? Mkaguzi huilinganisha ratiba na kitabu cha mahudhurio, kisha humuuliza mwanafunzi.

Kwa shahada za juu, kipimo ni idadi ya watafiti wanaosimamiwa na msomi mmoja. Mnamo Juni 2019, JKUAT ilitoa shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja. Umma ulishangaa, na CUE ikafanya uchunguzi na kueleza dosari ilizozikuta katika usimamizi wa kazi hizo. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata chuo kikubwa na cha heshima hakina kinga, na kwamba swali huweza kuibuka baada ya joho kuvaliwa na picha kupigwa.

Wageni wanapofika

Ripoti ikishapokewa na kusomwa, jopo la wakaguzi huzuru chuo. Ziara yenyewe huwa ya siku chache. Wakaguzi hukutana na Baraza la Chuo, Naibu Chansela, wakuu wa vitivo, wahadhiri, wafanyakazi wa kawaida na wanafunzi. Wanafunzi huhojiwa bila wakubwa wao kuwapo, na aghalabu hapo ndipo ukweli hutoka. Jopo hutembelea maabara, maktaba, mabweni, zahanati na vyoo. Huomba faili ambazo chuo hakikuziandaa, kwa mfano karatasi za mtihani wa miaka miwili iliyopita za somo lililoteuliwa bila mpango.

Chuo chenye kampasi zaidi ya moja hakiwezi kuonyesha ile nzuri na kuificha nyingine. Mwanafunzi wa Ngerenyi, kwenye baridi ya milimani, ana haki ya huduma sawa na zile za mwenzake wa Voi kwenye joto. Vitabu vilivyo kampasi moja haviwezi kuhesabiwa mara mbili.

Waliozoea kazi hii hupendekeza ziara ya majaribio miezi michache kabla, ikiongozwa na wasomi wa nje wasio na haya ya kusema. Wao huuliza maswali magumu mapema, chuo kikapata muda wa kurekebisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji atapona tu akimwonyesha mgeni palipo na maumivu.

Baada ya ziara, jopo huandika ripoti. Chuo hupewa nafasi ya kusahihisha makosa ya takwimu, kisha Tume huamua. Uamuzi waweza kuwa kuendelea bila masharti, kuendelea kwa masharti ya kurekebisha mambo fulani kwa muda uliowekwa, kusimamishwa kwa kozi, au hatua kali zaidi. Hali ya kati, ya masharti, ndiyo inayostahili kufuatiliwa na umma, maana mapendekezo yakishaandikwa husahaulika kwa urahisi.

Gharama ya kupuuza

Majirani zetu wana la kutufunza. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya uhakiki wa ubora, na kozi kadhaa katika vyuo vingine zikasimamishwa. Vijana waliokuwa wamepanga kujiunga navyo walilazimika kutafuta pengine.

Nchini Uganda, Mei 2023, ilizuka taharuki pale orodha ya baraza la elimu ya juu ilipoonyesha kwamba kozi nyingi, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Makerere, zilikuwa zimepitwa na muda wa kukaguliwa upya. Wahitimu walihofia kwamba vyeti vyao vimekuwa karatasi tupu. Baraza lilifafanua kwamba maana yake ni kozi kusubiri tathmini, na kwamba shahada zilizokwisha kutolewa zilikuwa halali. Ufafanuzi ulikuwa sahihi, lakini mwajiri wa ng'ambo anayetazama tovuti haulizi tafsiri. Akiona neno la mashaka mbele ya jina la kozi, huiweka barua ya maombi kando.

Hapa Kenya ugomvi uliwahusu zaidi wahandisi. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Egerton, walinyimwa usajili na bodi ya wahandisi kwa hoja kwamba kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa na bodi hiyo. Kesi yao ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi mwaka 2018. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalikusudia kuifanya CUE mwidhinishaji pekee wa kozi, lakini mashirika ya taaluma yalipinga na mvutano ukaendelea. Fahali wawili walipopigana, nyasi zilizoumia ni vijana waliosoma kwa nia njema.

Funzo kwa chuo chochote chenye kozi ya uhandisi, ya madini au nyingineyo, ni kwamba maandalizi hayawezi kuishia kwa Tume pekee. Mtaala lazima uandaliwe mapema pamoja na bodi ya taaluma, waajiri na wahitimu wenyewe. Mchimbaji wa Kishushe au mmiliki wa mgodi wa vito akiulizwa ni ujuzi gani anaoukosa kwa wahitimu, jibu lake lina thamani kuliko kurasa kumi za maneno ya kujisifu.

Maswali ya kuuliza

Mzazi na mwanafunzi hawana uwezo wa kukagua chuo, lakini wana haki ya kuuliza. Kwanza, je, kozi hii yenyewe imo katika orodha ya kozi zilizoidhinishwa na CUE? Jina la chuo pekee halitoshi, kwa kuwa chuo kilichoidhinishwa huweza kuwa na kozi isiyoidhinishwa. Pili, kama ni kozi ya taaluma kama vile uhandisi, sheria au uuguzi, je, bodi ya taaluma inawasajili wahitimu wake? Tatu, mtaala ulirekebishwa lini? Nne, wahadhiri wa kudumu wa kozi hiyo ni wangapi, na wanafunzi ni wangapi? Tano, waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa?

Ofisi ya udahili isiyoweza kujibu maswali hayo inatoa jibu tosha kwa kunyamaza kwake.

Mwanafunzi aliye ndani ya chuo naye ana wajibu. Mwishoni mwa muhula hupewa fomu ya kumtathmini mhadhiri, na wengi huzijaza kwa haraka, alama zote zikiwa nzuri, ili waondoke. Fomu hizo ni ushahidi. Zikijazwa kwa uaminifu na kusomwa kwa uaminifu, wakaguzi wakija hawatakuta jambo ambalo chuo chenyewe hakikulijua na kulishughulikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika chuo kikuu ukuta huo hujengwa kwa karo za watu wasio na akiba nyingine.

Kwa hiyo chuo kinachotaka ithibati yake ihuishwe kina kazi moja rahisi kuitaja na ngumu kuitenda: kufundisha kila Jumatatu kama kwamba jopo la wakaguzi limeketi nyuma ya darasa. Kikifanya hivyo kwa miaka mitano, maandalizi ya mwaka wa ukaguzi yatakuwa ni kukusanya karatasi tu.